Mtumbwi Uliotafutiwa Mama

Nyinyi mnanunua boti kwa kutazama picha kwenye simu. Sina ugomvi na hilo. Boti zenu ni za plastiki, zote zimetoka tumbo moja, ukiiona moja umeziona zote. Sisi tuliuza mbao, na ubao haufanani na ubao mwingine hata kama umepasuliwa gogo lile lile. Juzi mliniuliza habari ya nge huku mnachekeana. Nitawaeleza. Lakini kwanza nitawafundisha kununua mtumbwi, maana mtu anayejua nyota na hajui mbao nimeshamwona akiogelea.

Mtumbwi hautazamwi ukiwa majini. Majini kila mtumbwi ni mzuri. Uvutwe nchi kavu. Mimina maji ndani yake, kisha uzunguke nje taratibu kama mtu asiye na haja. Pale maji yanapotokea ndipo yatakapoingilia. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole: mkavu unajibu, mbichi unanyamaza. Halafu hesabu misumari ya upande wa kulia, kisha ya kushoto. Fundi huanza kulia akiwa ameshiba, humalizia kushoto akiwa amechoka, na uchovu wake utauona huko. Mimi nilihesabu mara mbili siku zote. Mara ya kwanza ili nijue, mara ya pili ili fundi ajue kwamba najua.

Kazi yangu, pale ufukweni Igogo, mjini Mwanza, ilikuwa kuwakutanisha wenye mitumbwi na wanaotaka mitumbwi. Zamani iliitwa udalali na hakuna aliyejificha. Ilipokuja miaka ya Ujamaa, neno dalali likaanza kukaa karibu mno na neno mlanguzi. Basi Fundi Magesa, Mjita mmoja mwenye karakana pale, akanipa cheo cha mratibu. Kazi ikabaki ile ile, ila sasa nilikuwa na kalamu mfukoni.

Sasa nge.

Mwezi wa angani una nyumba kumi na mbili za kupitia, na ya nane kati ya hizo ni ya Nge. Humo mwezi hulala siku mbili na ushee. Siku hizo, kwa watu wa zamani wa pwani na kwa wengi walioishi nao, mtu haanzi jambo. Haoi, hajengi, hasafiri, hashushi mtumbwi mpya majini. Aliyetuletea habari hizo Igogo ni Maalim Rajabu, fundi cherehani, mtu wa Bagamoyo aliyefuata reli hadi Mwanza na kukuta reli imeishia hapo. Suruali zake zilikuwa za kawaida. Nyota zake watu walizifuata kutoka Kisesa.

Niliwahi kumbana kuhusu jambo hilo. Mimi bei siikubali kabla sijaijua imetoka wapi.

"Maalim, wewe mwenyewe unasema Nge ni nyota ya maji. Kama ni ya maji, kwa nini mitumbwi iiogope?"

"Nyota ni ya maji," akasema, sindano mdomoni. "Bwana wake ni Mirihi, siku yake Jumanne, madini yake chuma, rangi yake nyekundu, na katika mwili ni zile sehemu usizomwonyesha mkweo. Lakini mwezi ukiingia humo unakuwa mgeni katika nyumba isiyompenda. Hapewi kiti. Sasa wewe unaanza safari, na anayekumulikia njia amesimama mlangoni anaona aibu. Utafika?"

"Na mtu aliyezaliwa na nyota hiyo?"

"Huyo anaweka mambo moyoni. Hasemi bei mpaka wewe umesema yako. Hasahau. Ukimgusa kwa mbele hakufanyi kitu, ukigeuka unaumwa." Akaitoa sindano. "Jina la mama yako nani?"

Nyota hupatikana hivi: herufi za jina lako na za jina la mama yako zina thamani zake kwa Kiarabu. Unazijumlisha, unatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zisitoke tena, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Jina langu Bundala. Mama yangu aliitwa Milembe. Alikufa nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni mke mkubwa wa baba, Sundi, ambaye alilima karanga nikasoma. Lakini Maalim aliuliza mama, nami nikataja aliyenizaa, kwa kuwa nilidhani ndiyo sheria ya hesabu. Alihesabu kwa chaki juu ya kitambaa cheusi cha suruali ya mtu. Yakabaki manane.

"Nge," akasema. "Ningekuambia hata bila chaki."

Sikuamini na sikukataa. Ila sikuwahi kumkabidhi mtu mtumbwi siku za nge. Mteja akipata ajali hurudi kwa muuzaji. Harudi kwa mwezi.

Basi mwaka mmoja tukapata kazi ya kijiji. Kilikuwa kijiji cha Ujamaa upande wa pili wa maji, ukishavuka kwa pantoni ya Kigongo na kutembea kidogo. Mbao na ufundi vililipwa kwa pamba ya shamba la kijiji. Misumari, tanga na nyavu vilitoka ofisini kwa Ndugu Kamugisha, afisa wa maendeleo, kijana Mhaya mwenye viatu vya kung'aa na akili inayokwenda mbio. Kwa hiyo kila upande uliona mtumbwi ni wake. Niliona tatizo hilo mapema, lakini mratibu halipwi kwa kuona matatizo.

Magesa alijenga vizuri. Nilihesabu misumari kulia na kushoto, sikuwa na la kusema, na hilo liliniudhi kidogo. Ubavuni ukaandikwa jina lililotoka ofisini: UMOJA. Kisha Ndugu Kamugisha akaja na kutangaza siku ya kuushusha.

"Jumanne ijayo. Saa nne asubuhi. Hotuba, halafu tunausukuma. Wageni watakuwepo."

Nahodha wa kijiji, Mkerewe anayeitwa Lazaro, rozari shingoni, akahesabu kwa vidole. "Jumanne hiyo mwezi uko nge, ndugu."

"Mwezi uko wapi?"

"Nge."

Kamugisha alimtazama, akaitazama na rozari. "Ndugu Lazaro, wewe umebatizwa?"

"Nimebatizwa, ndugu. Lakini padri hajawahi kupanda mtumbwi wangu."

"Nisikilizeni," Kamugisha akasema, safari hii bila kucheka. "Vijiji vinavyosubiri mtumbwi ni vingi. Kijiji ambacho Jumanne hakiko tayari kwa sababu ya mambo ya nge, mtumbwi unakwenda kwingine. Sibishani na mwezi mimi. Nabadilisha jina la kijiji tu."

Akaondoka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole aliyekuwa na koti moja la mikutano, akaketi juu ya gogo. Wavuvi wake wasingepanda siku ile. Bila kupanda, mtumbwi ungekwenda kwingine. Na jua la Igogo lilikuwa linakausha mbao. Siku chache zaidi nchi kavu, kalafati, ile pamba ya kuzibia maungio, ingeanza kutoka na kuonekana kama meno.

"Mratibu," Magesa akaniambia, "ratibu."

Nikawapeleka kwa Maalim Rajabu. Hoja yangu ilikuwa rahisi: kama mtu ana nyota, mtumbwi nao una nyota. Na nyota, kama bei, ina pa kuongelea.

"Mwenye mtumbwi nani?" Maalim akauliza.

"Kijiji."

"Kijiji hakina jina la mama."

"Basi hesabu mtumbwi wenyewe. Unaitwa Umoja."

"Umoja binti nani?"

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Mitumbwi yote niliyouza kabla ilikuwa ya mtu, na mtu huyo alikuwa na mama. Magesa akasema mama ni mti, mvule ule uliotoa mbao. Lazaro akasema mti ni baba, kwa kuwa haukukaa nao. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwa heshima zote, "Andika Serikali. Si ndiyo inayotulea?"

Maalim akatandika kitambaa, akachukua chaki. Umoja binti Serikali. Akajumlisha, akatoa kumi na mbili kumi na mbili. Nilikuwa nafuata kwa vidole vyangu mgongoni.

"Manane. Nge."

Lazaro akashika rozari. Lakini mimi nikaona mlango.

"Maalim, mwenye nyota ya Nge akianza safari siku za nge, inakuwaje?"

"Mtu hafukuzwi nyumbani kwake."

"Kwa hiyo vitabu vinaruhusu?"

"Vitabu havikatazi."

"Havikatazi au vinaruhusu?"

"Bundala, kwa bei uliyotoa, havikatazi."

Ilitosha. Hata Lazaro alikubali, shingo upande. Tukarudi ufukweni tukijiona tumefanya kazi. Mtumbwi una nyota yake, nyota inalingana na siku, siku inalingana na afisa. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuona mzigo umekaa sawa kwenye mizani namna ile. Ningelihesabu jambo lile mara ya pili, ningegundua kuna mtu hatukumhesabu kabisa.

Jumapili wakaja wanawake wa kijiji kuutazama mtumbwi. Walivuka kwa pantoni, wakadandia lori la mchele, wakafika Igogo na vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliyewatangulia ni Mama Kulwa, mwanamke mfupi, mikono kama ya mtu anayepiga matofali. Aliuzunguka mtumbwi. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Nikampenda hapo hapo, kikazi.

"Tumesikia umetafutiwa nyota," akasema.

"Umetafutiwa, mayu," nikajibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. "Ni Nge, na ni nyota ya maji. Mambo yote sawa."

"Mama mlimtaja nani?"

Mwenyekiti akautazama mfuko wa koti lake.

"Serikali," nikasema.

Wanawake wakacheka, ila yeye hakucheka.

"Serikali ililima lini? Shamba lile la pamba, waliopalilia ni nani? Waliochuma? Wanaume walikuja siku ya kupima, wakasimama karibu na mizani." Akamgeukia mwenyekiti. "Baba, nakuheshimu. Lakini umempa mtoto wangu mama asiyemjua, halafu unataka watoto wetu wapande wakavue humo. Mtumbwi ukiitwa kwa nyota ya mtu mwingine utaitika?"

"Mayu, ni hesabu tu," nikasema. "Nyota hii inatusaidia. Jumanne—"

"Wewe dalali, ukiuziwa mbuzi ukaambiwa mama yake alikuwa ng'ombe, utanunua?"

"Mratibu," Magesa akamsahihisha.

"Nitauliza bei ya ng'ombe," nikajibu. Hapo alicheka kidogo.

Tukarudi kwa Maalim, kundi zima sasa, mpaka mlango wa duka ukaziba. Wanawake wakasema aandikwe Mama Kulwa, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kabula. Umoja binti Kabula. Maalim akaandika, akajumlisha. Akafuta kwa kiganja, akaandika tena, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya.

"Yamebaki matatu," akasema. "Mapacha."

Wageni wa Usukumani nawafafanulia: Kulwa ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa, na Doto ni la anayefuata. Huyu mama alikuwa amezaa mapacha. Kwetu mama wa mapacha si mwanamke wa hivi hivi. Kuna mambo ya kijiji hayaanzi mpaka yeye ayaguse. Maalim hakuyajua hayo. Yeye alijua chaki. Lazaro alivua kofia. Kuanzia hapo ungempa Lazaro Nge bure asingeichukua.

"Sifa za Mapacha ni upepo," Maalim akaendelea, maana alikuwa ameshalipwa. "Bwana wake Utaridi, siku yake Jumatano, maneno mengi, mikono miepesi. Kwa mtumbwi wa tanga ni nyota nzuri kabisa."

"Na kuanza safari siku za nge?" nikauliza.

"Hapo ni mgeni kama mgeni mwingine."

Basi tukawa tumerudi tulipoanzia, na zaidi. Sasa tulikuwa na nyota ya kweli ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuiacha, na nyota hiyo ilikataza Jumanne. Mwenyekiti alitembea hadi ufukweni, nasi tukamfuata, Maalim pia. Alikuwa ameshaanza kuuaga mtumbwi, niliona namna alivyouwekea mkono.

Mama Kulwa ndiye aliyeuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mimi. "Huo mwezi unaingia kwa nge saa ngapi?"

"Kesho, Jumatatu, adhuhuri," Maalim akasema.

"Kwa hiyo kesho asubuhi hauko huko."

"Hauko."

"Na safari iliyoanza kabla, nge anaizuia?"

Maalim akafikiri, akakuna kidevu. "Aliyekwisha kutoka nyumbani ameshatoka."

Jumatatu asubuhi wanawake waliusukuma mtumbwi. Hakukuwa na hotuba. Tuliwapangia magogo chini, tukashika ubavu, na chombo kile kikubwa kikateleza kama sabuni. Maji yaliingia kwa nguvu saa ya kwanza, kama yanavyoingia kwenye mbao zilizokaushwa. Msiogope mkiona hivyo, mbao zinakunywa kwanza kisha zinavimba na kujifunga zenyewe. Lazaro na wenzake walikomba maji, wakatweka tanga, wakaenda kuvua. Jua halikuwa limefika utosini.

Jumanne saa nne Ndugu Kamugisha akashuka kwenye Landrova. Wageni walikuwa nyuma yake. Alikuta magogo, vumbi la randa, na sisi.

"Mtumbwi uko wapi?"

"Kazini, ndugu," nikasema.

Alielewa upesi, nimesema akili yake ilikwenda mbio. Akanivuta pembeni, na mwenyekiti na Mama Kulwa wakafuata. "Mmeniaibisha. Mnadhani ukishalowa siwezi kuuhamisha? Naweza kuupeleka kijiji kingine leo hii, na maji yake."

Mimi nilikuwa natafuta bei ya kuanzia. Mama Kulwa hakutafuta.

"Ndugu Afisa," akasema, bila kupandisha sauti, "misumari ni yako, hatukatai. Mtumbwi ukifika ing'oe uende nayo. Tanga pia, na nyavu. Mbao zetu tutabaki nazo."

Kamugisha akageuka kuwatazama wageni. Nadhani alikuwa anajiona akilini mbele yao, koleo mkononi. Wakati huo tanga likatokea kwenye mwamba wa kona. Hapo nikaona ni zamu yangu, kwa kuwa biashara hufungwa pale pande zote mbili zinapochoka.

"Ndugu Kamugisha, kuna kushusha mtumbwi mkavu, jambo ambalo hata mvua inaweza kulifanya. Na kuna kupokea mtumbwi wa kijiji unaorudi na samaki wake wa kwanza. Kati ya hayo mawili, lipi ni la mgeni rasmi?"

"Hotuba yangu ni ya kushusha."

"Badilisha mwanzo tu. Mwisho wa hotuba zote ni mmoja."

Akajizuia kucheka, akashindwa. "Na neno nge silisikii hapa."

"Neno gani, ndugu?"

Aliupokea vizuri, lazima niseme kweli. Aliingia majini na viatu vyake, akashika omo, ile ncha ya mbele ya mtumbwi, akasema maneno ya kujitegemea, na Lazaro akamkabidhi sato mkubwa aliyekuwa bado anapiga mkia. Alipouliza mtumbwi ni wa nani ili wageni wasikie, mwenyekiti alisema "wa kijiji," kisha akanyoosha mkono kumwonyesha Mama Kulwa, "na mama yake ni huyu." Wageni walipiga makofi wakidhani ni utani wa kwetu. Kamugisha alipiga makofi pia, nafikiri kwa sababu nyingine. Mtumbwi ukaenda kijijini na haukuhamishwa. Ulivua miaka mingi. Ukaoza kwa uzee, jambo ambalo ndilo la kutamani kwa mtumbwi.

Kama mnataka la kujifunza, ni hilo la kumimina maji ndani. Kwa habari ya nge, fanyeni mnavyoona.

Limebaki moja dogo. Wiki ile ile, mwezi ulipokwisha kutoka nge, nilikwenda peke yangu kwa Maalim Rajabu. Alikuwa anakata kola.

"Nihesabie upya," nikamwambia. "Mimi."

"Wewe ni Nge. Nilikwisha kukuhesabia."

"Ulinihesabia kwa Milembe. Nihesabie kwa Sundi. Aliyelima."

Hakuuliza. Akasogeza kola, akatandika kitambaa cheusi, akaandika Bundala, akaandika Sundi. Akajumlisha, akatoa kumi na mbili kumi na mbili. Nilifuata kwa vidole mgongoni.

"Manane," akasema. "Mama mwingine, nyota ile ile. Umeridhika?"

Nikamwambia arudie. Akarudia. Manane.

Nikamuuliza bei, akaitaja, nikalipa hiyo hiyo aliyoitaja, bila kubishania hata senti. Maalim aliweka chaki chini, akanyoosha mkono na kunigusa paji la uso kuona kama nina homa.